Picha Yangu Kwenye Ngazi za Umeme

Wateja wangu hawaitaki milima. Jengo la maduka ninalopigia picha liko Msamvu, si mbali na stendi ya mabasi, na ukuta wake wa nyuma ni kioo kitupu kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Nadhani aliyelichora alitaka watu wakae pale na juisi zao wakiitazama milima ya Uluguru. Lakini mtu akishavaa viatu vipya, akatoka Kihonda na familia nzima ili apigwe picha kwenye ngazi za umeme, hataki tena kuonekana yuko Morogoro. "Dada, hiyo milima itoe," wananiambia. "Nataka watu wajue niko Dar." Mmoja aliniomba nimwekee bahari. Nikamwambia mji huu huitwa mji kasoro bahari tangu enzi za babu zetu, kama ana malalamiko aende kwa aliyeuumba. Akanuna, akaondoka, na picha sikumpiga.

Nina hasira za karibu, najua. Ila kazi yangu naijua pia. Nguzo za jengo lile zimevikwa vioo, na mpiga picha asiyezizoea atajikuta ametokea mwenyewe katika kila picha, kainama, kakunja uso. Mimi nilijifunza kusimama upande. Nilijifunza kwamba saa za asubuhi mwanga hushuka kutoka juu ukatandaza vivuli vya ngazi sakafuni, na kwamba mtu anayepanda ngazi za umeme kwa mara ya kwanza asipigwe picha anapokanyaga, apigwe akishafika katikati, hofu ikiwa imemtoka na majivuno hayajamwingia. Hapo ndipo uso wake unakuwa wake. Uongozi wa jengo uliniruhusu kufanya kazi humo kwa sharti kwamba nami niwapigie jengo lenyewe, tupu, kabla maduka hayajafunguliwa. Asubuhi hizo nilizipenda kuliko zote.

Nyumbani kwangu ni Bigwa, na nilikuwa nikiishi na mama.

Lazima nieleze habari ya jina, maana bila hiyo hakuna litakaloeleweka. Nilipewa jina la bibi, mama yake mama, ambaye mimi sikumwona. Alifariki mama akiwa bado msichana mdogo, huko juu milimani upande wa Matombo, na hakuacha hata picha moja. Sasa mtu hawezi kulitaja ovyo jina la mzazi wake, achilia mbali kulifokea. Kwa hiyo mama hakuniita kwa jina maisha yake yote. Aliniita mama. "Mama, nenda kachote maji." "Mama, umeunguza tena wali, ngoja nikuone." Wageni wasiojua walishangaa kumwona mtu mzima akimkimbiza mama yake kwa mwiko kuzunguka banda la kuku. Sisi tulikuwa tumeshazoea, na neno lenyewe kwetu halikuwa na uzito wowote, lilikuwa jina langu tu.

Maradhi ya kusahau yalipomwanza, kitu cha kwanza kupotea kilikuwa hicho. Kwanza aliweka chumvi kwenye chai, tukacheka. Kisha akaanza kutoka nje na beseni kichwani akisema anarudi kwao. Halafu asubuhi moja nilimpelekea uji, akanipokea kwa adabu zote na kusema, "Ahsante, dada. Mwenye nyumba hajaamka?" Nikadhani ananitania. Nikamwambia mwenye nyumba ndiye mimi. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mfanyakazi aliyeanza kujipa makuu.

Kuanzia siku hiyo nikawa dada. Dada niletee maji, dada funga dirisha, dada hawa wenyeji wako watanirudisha lini kwetu? Daktari alisema akili inachakaa kama kiungo kingine chochote na dawa ya kuirudisha hakuna. Alisema nimwonyeshe vitu vya zamani, nimsemeshe, nisimbishie. Nilimsemesha mpaka sauti ikanikauka. Nilimwimbia nyimbo alizoniimbia. Nilimpikia mlenda jinsi alivyoupenda. Alikula, akashukuru, akaniombea kwa Mungu nipate mume mwema na nyumba yangu mwenyewe.

Mjomba, mdogo wake mama, alishuka kutoka Matombo kuja kumwona. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba si la kuchezea. Alikaa na dada yake mchana kutwa. Mama alimjua, akamwita jina la utotoni, akamuuliza kama mbuzi wamerudi. Jioni mjomba aliniita uani.

"Mwanangu," akasema, "dada yangu nilikuachia kwa sababu wewe ndiye mtoto. Sasa kama yeye hakujui, yuko hapa kama nani? Yuko kama mgeni. Na mgeni akizeeka hurudishwa kwao."

"Mjomba, huko juu hospitali iko wapi? Njia zenyewe ni za kuteleza. Atatoka siku moja na beseni lake, aanguke korongoni."

"Akianguka ataanguka kwao." Akaona nilivyobadilika uso, akapunguza sauti. "Sisemi leo. Tukishamaliza kuvuna mahindi nitakuja kumchukua. Hapo katikati kama atakujua, siku hiyo mimi sina neno tena."

Niseme ukweli wangu. Niliogopa njia za kuteleza, lakini hicho sicho kilichonikosesha usingizi. Sina mume. Mtoto sikujaliwa. Mama akiondoka, ile nyumba ya Bigwa inabaki na mimi, kuku na redio. Na aondoke hivyo, akiniaga kama dada wa kazi, akinishukuru kwa uji! Nilikuwa tayari kufanya lolote.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka mashambani siku mama aliposimama nyuma ya kiti changu nikizipanga picha za Jumapili kwenye kompyuta. Kwenye skrini alikuwepo mwanamume mmoja aliyembeba mtoto mabegani, wamefika katikati ya ngazi. Mama akanyoosha kidole.

"Huyu si kaka yangu?"

Kaka yake mkubwa alikufa kwa homa kabla mimi sijazaliwa. Nikakumbuka agizo la daktari, sikumbishia. Nikafungua picha nyingine, ya wasichana watatu waliovaa magauni ya rangi moja.

"Hee! Na huyu shangazi. Tazama alivyonenepa."

Tuliendelea hivyo picha baada ya picha. Muuza simu aliyesimama mlangoni mwa duka lake alikuwa mwalimu wake wa Kurani. Mama mmoja mnene mwenye miwani ya jua alikuwa jirani aliyemfundisha kusuka ukili. Wote waliokuwa wamekufa walikuwa humo, wamevaa vizuri, wameshiba, wanapandishwa na ngazi bila kuinua mguu. Mama alitabasamu jinsi nilivyokuwa sijamwona akitabasamu tangu aanze kuumwa.

"Kumbe walihamia huku," akasema. "Na kuna baridi kama kwetu?"

"Kuna kiyoyozi."

"Unaona! Na huko juu wanapanda kwenda wapi?"

"Kuna mgahawa, na duka la nguo."

Hakuwa akinisikiliza. Alitaka nimpeleke. Tangu siku hiyo kila nilipochukua mkoba wa kamera alinishika mkono: dada, nipeleke waliko.

Ndipo lilipoingia wazo langu. Mfa maji haachi kutapatapa. Nilijiambia, ikiwa mama hawajui watu mpaka awaone kwenye ngazi zile, basi na mimi nitapanda ngazi zile. Kwenye makumi ya picha za wiki hizo mimi simo hata katika moja, maana nilikuwa nimejizoeza kujificha kwenye vioo vya nguzo. Atanionaje?

Kesho yake nilifika mapema. Nywele sikuwa nimesuka, nikajifunga kilemba, nikavaa kitenge changu cha kijani na blauzi nyeupe. Kamera nikamkabidhi mlinzi wa zamu ya asubuhi, mtu mzima wa rika langu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kunitania. Nilimwonyesha pa kubonyeza. Akanirudishia maneno yangu yote ninayowaambia wateja.

"Inua kidevu. Legeza mabega, mama, huendi vitani. Milima nitoe au niache?"

"Wewe piga tu!"

Mimi niliyewapanga watu wote hao sikujua mikono yangu niiweke wapi. Niliikunja mbele, vidole juu ya vidole, kama walivyokaa watu wa zamani. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena. Picha moja ilitoka vizuri, nikaipeleka kusafishwa siku hiyohiyo, kubwa, pamoja na nyingine ambazo mama alishazijua, nikazichanganya.

Tulikaa jikoni. Mama alizipokea moja moja, akawataja watu wake, na mimi nilikuwa nikihesabu ndani kwa ndani zimebaki ngapi kufikia yangu. Nilipompa, nikamuuliza:

"Na huyu?"

Akaisogeza karibu na macho. Akaweka kidole juu ya uso wangu, akakipitisha kwenye kilemba, kwenye mikono ile iliyokunjwa.

"Huyu mama."

"Mama nani?"

"Mama! Mama yangu, nani mwingine?"

Nilianguka magotini palepale kando ya jiko, nikamkumbatia miguu, nikalia. Alikuwa amelirudisha jina langu. Sikujali kwamba aliendelea kuikazia macho picha na mimi hakunigeukia. Nilitoka uani nikampigia mjomba, na kwa kuwa simu kule hushika mtu akipanda kilimani, nilipiga mpaka nikachoka. Alipopiga yeye nilimpokea kwa kelele.

"Shikamoo mjomba, amenijua! Ameniita mama!"

"Marahaba. Amekuita wewe, au amesema tu?"

"Ameniwekea kidole usoni, mjomba."

"Alhamdulillahi. Ngoja nije nisikie kwa masikio yangu."

Alikuja Jumamosi, na kanzu yake na koti juu. Mama alikuwa ameshavaa tangu alfajiri, amejifunga khanga mpya, anataka kwenda kwa watu wake. Mjomba akasema basi twende wote, huko huko atamuuliza.

Mlangoni mama alivua kandambili. Sakafu ilikuwa inang'aa mno, hakuona mtu anawezaje kuikanyaga na viatu. Mlinzi alitaka kumwambia, nikamkonyeza aache, na mjomba akaziokota akazishika mkononi. Tukaingia. Watu walikuwa wachache. Mama alitembea polepole, kichwa juu, akitazama paa, vioo, na watu waliokuwa wakipanda. Wasichana wawili wa duka la vipodozi walimpisha kwa heshima.

"Shikamoo bibi."

Mama akageuka nyuma kutazama ni bibi gani anayeamkiwa. Mjomba akacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa na furaha, kila kitu kilinichekesha.

Tulimkalisha kwenye benchi karibu na ngazi. Nikamshika mkono. Mjomba akachuchumaa mbele yake na zile kandambili.

"Dada, huyu aliyekushika mkono unamjua?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. Kisha akanigeukia mimi, safari hii mimi mwenyewe, akanitazama usoni, na kilemba changu, maana nilikuwa nimejifunga kilekile kwa kuhofia bahati isiharibike.

"Una wazimu? Huyu si mama?"

Mjomba akainuka akajipangusa magoti. Niliona mabega yake yakishuka. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa na hofu yake. "Basi," akasema, "neno langu limekwisha. Kaa na mama yako." Akauliza betri za tochi zinauzwa wapi, nikamwelekeza supamaketi, akaenda na kandambili za dada yake mkononi.

Nilitaka picha. Picha ya siku niliyorudishiwa mama yangu, ya kwangu mwenyewe, na milima yote ndani yake. Nikamsogeza mama mpaka kwenye ukuta wa kioo, nikamsimamisha, Uluguru ikiwa nyuma yake na wingu dogo juu. Nikarudi nyuma hatua chache, nikainua kamera.

Ndani ya kamera nilimwona akijitengeneza khanga. Akashusha macho. Kisha akakunja magoti kidogo, kama wasichana wa zamani walivyofundishwa kusimama mbele ya wakubwa wao, na kusema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake:

"Shikamoo, mama."

Nikaishusha kamera.

Jina lilikuwa jina, na utani wa jina tuliucheza maisha yetu yote, lakini ulikuwa na mpaka wake. Aliniita mama akinifokea, akinituma, akinibembeleza. Kuniamkia, hapana. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mimi ndiye niliyempa yeye kila asubuhi, hata zile asubuhi alizonijibu "marahaba, dada". Nilielewa palepale, nimesimama, watu wanapita na mifuko yao. Kwenye picha hakuwa ameniona mimi. Alikuwa amemwona mama yake, aliyehamia huku pamoja na wenzake. Mimi nilikuwa sijarudi. Nilikuwa nimetoka hata kwenye udada nikapotea kabisa.

"Hapana," nikamwambia. "Mama, ni mimi. Ni mwanao. Mimi ndiye wa kukuamkia wewe. Shikamoo mama. Shikamoo!"

Nilikuwa nimepaza sauti. Watu waligeuka. Mama hakusikia maneno, alisikia ukali tu, na kidevu kikaanza kumcheza.

"Umenikasirikia?" akauliza. "Sikuchelewa makusudi, mama. Mto ulikuwa umejaa."

Sijui alichelewa wapi, wala mwaka gani, wala kama bibi alimsamehe. Najua tu kwamba aliendelea kusimama pale peku kwenye sakafu ya baridi, magoti yamekunjwa, macho chini, akisubiri jibu. Machozi yakamdondoka juu ya khanga mpya. Na jibu lenyewe ni neno moja, kila mtoto wa Kiswahili analijua, na mimi sikuliweza. Nikilitamka nimekubali. Nikilitamka nimemzika mwenyewe, mama yangu, akiwa hai mbele yangu.

Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. Akarudia, taratibu zaidi, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu."

Uso wake wote ukafunguka. Akanijia, akakilaza kichwa chake cha mvi begani kwangu, na nikamshika, na kamera ikawa inatubana katikati.

Mjomba alitukuta hivyo. Alikuja na mfuko wake wa betri, anatabasamu, na mama alipomwona alijitoa begani kwangu, akamwita jina la utotoni na kumkemea.

"Na wewe umesimama tu? Mwamkie mama!"

Mjomba alicheka, akidhani ni ule utani wetu wa zamani. Kisha akaona jinsi mama alivyomkazia macho. Akaniona na mimi.

"Mjomba, hanijui," nikasema. Sikuwa na nguvu ya kusema uongo. "Si mimi anayemwona. Ni bibi."

Nikangoja aseme kwamba basi, jioni wataondoka wote. Mama alimvuta mkono wa kanzu. "Mwamkie!" Mzee yule, ambaye tangu nimepata akili sijawahi kumpita bila kumwamkia, akaziweka kandambili chini. Akavua kofia.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Nilitamani sakafu ile ipasuke. Mama alikuwa akitazama midomo yangu.

"Marahaba," nikamjibu.

Mjomba akavaa kofia yake. Aliinama, akamvika dada yake kandambili, mguu mmoja, kisha mwingine, na alichukua muda mrefu huko chini kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Mgeni ningemchukua," akasema. "Mtoto haondolewi kwa mama yake."

Akatuaga hapo hapo, akatoka nje peke yake kwenda kutafuta gari la kupanda Matombo. Nilikuwa nimekipata nilichokililia, na sijawahi kutembea mzito kama nilivyotembea kurudi Bigwa, mama amenishika kidole, ananihadithia habari za mbuzi.

Asubuhi yake nilipika uji, nikaupoza, nikampelekea chumbani. Alikuwa ameshaamka, ameketi ukingoni mwa kitanda, ananisubiri. Nikafungua kinywa nimwamkie. Akaniwahi.